Mlinzi wa Wastani

Mwalimu wa Fizikia alijivunia mambo mawili: kwamba hajawahi kumchapa mwanafunzi, na kwamba somo lake halijawahi kushuka chini ya B. La kwanza lilikuwa kweli. Katika shule ambayo hata mpishi alikuwa na fimbo yake, yeye hakuinua mkono. Alikuwa na kalamu nyekundu na rula ya mbao, na vitu hivyo viwili vilimtosha. La pili nalo lilikuwa kweli, na ubaya wake wote ulikuwa humo, umekunjwa vizuri na kupigwa pasi.

Nasema ubaya nikijua kuna watu wa Kasipul watakaonikasirikia. Akitajwa matangani hakosi mzee wa kusema, "Yule alikuwa mwalimu, si hawa wa siku hizi." Mimi hunyamaza, maana matangani si mahali pa kubishana. Lakini hapa hatuko matangani, na mimi ni mmoja wa wale aliowatoa.

Kwa asiyeyajua mambo ya shule za sekondari mwanzoni mwa miaka ya tisini, mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, kila somo lilipewa wastani wake, na wastani huo ndio uliosomwa mbele ya wazazi, ukabandikwa ukutani na kupigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza ni wanafunzi wangapi waliofanya mtihani. Ukiandikisha arobaini na wanne, una watu arobaini na wanne wa kukuvuta chini. Ukiandikisha saba, una saba tu. Hesabu hiyo Mwalimu wa Fizikia aliifanya bila kuhitaji maabara, na nadhani ndiyo hesabu pekee aliyoifanya kwa moyo wake wote.

Aliuita mchujo. Ulifanyika Ijumaa ya mwisho ya kila muhula, baada ya maharagwe ya mchana, kuanzia Kidato cha Tatu. Tulikaa maabarani kwenye stuli ndefu zisizo na mgongo, naye akasimama mbele na karatasi zetu, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote hata kama jua linaunguza bati. Alianza kusoma majina kutoka chini. Ukisomwa, ulisimama, ukabeba stuli yako mwenyewe, ukatoka nayo mpaka stoo, ukaipanga juu ya wenzake, ukaenda zako. Yeye alimwambia kila mmoja "asante" kwa sauti ya upole kabisa, kama mwenye duka anayemsindikiza mteja. Aliendelea mpaka afike kwenye alama arobaini, kisha akafungua madirisha na kuwaambia waliobaki, "Sasa tunaweza kupumua."

Kubeba stuli ndiko kulikokuwa kubaya. Kufeli watu wote wamefeli, lakini kutembea uwanja mzima na kiti chako kichwani, wenzako wa Kidato cha Kwanza wakikuchungulia madirishani, hilo halimtoki mtu. Yeye alisema ni kwa ajili ya usafi wa maabara, kwamba stuli isiyo na mtu hukusanya vumbi. Naamini alikuwa akisema ukweli. Hakuwa mkatili wa kufurahia machozi, na hakuyatazama hata kidogo.

Ammita na voltimita zilikuwepo, tena mpya, zimeletwa na wafadhili. Alizihifadhi kabatini ndani ya nailoni zake, akazifunika vitambaa vilivyofumwa na mkewe, kama viti vya sebuleni vinavyongoja mgeni. Aliogopa zitaharibiwa na watu wasiojua kuzitumia. Nasi hatukujua kuzitumia kwa sababu hatukuzigusa. Alifundisha kwa kunakili. Alikuwa na daftari lake la Form Six, karatasi zimegeuka rangi ya chai, akaugeukia ubao akatupa mgongo na kuandika mpaka kengele ilie. Form Six ilikuwa imekwisha kufutwa nchini, naye aliendelea kuiomboleza. "Sisi wa Form Six," alikuwa akisema, halafu anatutazama na kuacha sentensi ielee, kama mtu aliyetaja nyama mbele ya watu wa sukuma wiki.

Ukimwuliza swali alijibu, "Wanaoelewa wameelewa." Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo na aliipenda sana. "Mlango wa Physics ni mwembamba, na mimi ndiye bawabu." "Mzigo mwepesi hufika mapema." "Wengine walizaliwa na kichwa, wengine walizaliwa na mikono, na shamba linahitaji mikono." Huo wa mwisho aliutumia kwa wavulana. Sisi wasichana tulikuwa na wetu: kwamba damu ya mwanamke na umeme havipatani. Tulikuwa kumi na watatu tulipoanza Kidato cha Tatu. Kufikia Krismasi tulibaki wawili, mimi na msichana mmoja wa Oyugis ambaye baba yake alikuwa rafiki wa mwalimu. Waliotolewa walipelekwa Sayansikimu wakajifunze kupika keki ya mayai manne katika nyumba ambazo yai moja lilikuwa la mgonjwa.

Mimi niliutaka umeme. Nasema waziwazi maana nilipokuwa msichana niliona aibu kulisema. Nyaya zilipita juu ya shamba letu karibu na Kosele, zikitoka kwa wenye bahati kwenda kwa wenye bahati, na nyumbani tulisomea taa ya chemni. Nilitaka kwenda chuo cha ufundi, nisomee mambo ya umeme, niwe mtu anayepanda nguzo na kuushusha. Chuo kilitaka Fizikia. Bila Fizikia hawakusoma hata barua yako. Kwa hiyo kila Ijumaa ya mchujo nilikaa juu ya stuli nikiwa nimeishika kwa mikono yote miwili.

Muhula wa kwanza wa Kidato cha Nne alinisoma. Nilikuwa na thelathini na nane. Nilibeba stuli yangu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mkulima wa mahindi na karanga, mtu asiyependa kusumbua watu wenye elimu. Lakini nililia siku tatu, na siku ya nne akavaa koti lake la Sabato siku ya Jumatatu tukaenda shuleni. Alianza kwa Dholuo, kama Mjaluo yeyote angemwanzia mwenzake. Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili cha ofisini, ili mazungumzo yasije yakawa ya watu wa nyumbani.

"Japuonj," Baba akasema, maana hata Kiswahili alipokihamia hakuweza kuacha kumwita mwalimu kwa heshima ya kwetu, "huyu msichana anapenda hii kitu. Amekosa maksi mbili tu."

"Mzee, mbili ni mbili."

"Mimi nikipanda mahindi, ile imedumaa siing'oi. Naiongezea mbolea."

Mwalimu akatabasamu. Alipenda mfano. "Na siku ya soko, Mzee, unapeleka ile imedumaa?"

Baba alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. "Hapana."

"Basi. Mimi kila mwaka napeleka sokoni."

Baba akainamisha kichwa, akasema ero kamano, akamshukuru mtu aliyemfungia binti yake mlango. Njiani kurudi aliniambia, "Yule mtu amesoma." Nilimkasirikia Baba njia nzima, na hiyo nayo namhesabia mwalimu.

Kati yetu tuliotolewa alikuwemo mvulana aitwaye Odhiambo. Huyu hakuwa wa thelathini na nane. Kila mtu alijua kwamba Odhiambo angeweza kuwafundisha wale saba waliobaki, na usiku wa kuamkia majaribio walimfuata wenyewe bwenini kwake wakimbembeleza. Alitolewa kwa sababu wiki ya mtihani mmoja alikuwa kwao akimzika mama yake. Aliporudi alikuta sifuri mbele ya jina lake. Alikwenda kumweleza mwalimu, na mwalimu akampa pole, pole ya kweli, akamshika hata bega, kisha akasema, "Lakini sifuri ni sifuri. Nikiigusa moja, nitazigusa ngapi?" Odhiambo akabeba stuli yake, kichwa kikiwa bado kimenyolewa kwa msiba.

Odhiambo ndiye aliyekuja na wazo la kanisa. Kanisa letu lilijaa Jumamosi, na Jumapili lilikuwa tupu, ufunguo umetundikwa nyumbani kwa Baba. Basi Jumapili, wenzetu Wakatoliki wakishatoka misa, tulikutana humo watu tisa, tukageuza benchi kuwa meza na ubao wa nyimbo kuwa ubao wa Fizikia. Odhiambo alifundisha. Alichora, akafuta, akachora tena. Alichukua kamba ya mbuzi na jiwe akatuonyesha mwendo wa kuzunguka, na baada ya hapo hakuna aliyesahau. Alipokwama alisema amekwama, tukakwama pamoja mpaka mmoja atoboe. Tulifanya hivyo muhula mzima. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile darasani, si kabla wala baada.

Ilipofika siku ya kujaza fomu za mtihani wa taifa, sote tisa tuliandika Fizikia. Fomu zilipitia kwake kwanza. Alituita maabarani, akatupanga mbele ya meza yake tukiwa tumesimama, maana viti vyetu vilikuwa stoo.

"Nani amewadanganya?" akauliza bila hasira.

Odhiambo akasema, "Mwalimu, tupe mtihani wowote, sasa hivi. Tukianguka tunaenda, hatutakusumbua tena."

"Na mkipita?"

"Si utatuandikisha?"

Akavua miwani akaifuta kwa koti. "Mnaweza kupita leo halafu muanguke Novemba. Hawa saba nawajua. Hawawezi kunishangaza."

Kisha akaweka rula juu ya fomu ya kwanza, akapiga mstari mwekundu, mnyoofu kabisa, juu ya neno Fizikia, akaandika pembeni Kilimo. Fomu yangu ikaandikwa Sayansikimu. Alifanya hivyo mara tisa, akipuliza wino ukauke kabla ya kugeuza, na alipomaliza akasema, "Siku moja mtanishukuru, nimewaokoa." Nilimchukia pale pale. Sijawahi kuificha.

Wale saba walifanya mtihani. Wastani ukawa B, na mwalimu akapewa kikombe siku ya wazazi, akakipokea kwa mikono miwili na kuinama. Odhiambo alipata alama nzuri katika kila alichoruhusiwa kufanya. Mara ya mwisho niliposikia habari zake alikuwa Awendo akipakia miwa kwenye trekta, na msimamizi wake alikuwa mmoja wa wale saba. Mimi sikwenda chuo cha ufundi. Nilipata nafasi ya ualimu wa shule ya msingi, nikaishukuru, nikapangiwa kazi karibu na Rongo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwalimu yule hakuwahi kuchelewa. Hakunywa. Hakumtazama msichana kwa jicho baya, na wakati ule, katika shule ile, hilo lilikuwa jambo la kutajwa. Mwaka mmoja kijana mmoja wa ndani ndani huko alipata A. Mwalimu alipanda baiskeli yake alfajiri, akiwa na tai shingoni, akaenda mpaka kwao, akakuta hawajaamka, akangoja langoni. Mama wa kijana alipotoka na ndoo alimkuta mtu mzima analia kwa furaha kwenye ua wake wa mikonge. Mama huyo alinisimulia mwenyewe, na aliposimulia naye alilia. Mimi niliwaza kwamba mtu anayeweza kulia hivyo kwa ajili ya mmoja, wale thelathini na saba waliobeba stuli aliwaweka wapi.

Nilimwona mwalimu tena mwishoni mwa muongo ule, Jumapili ya kwanza ya Januari. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kumwona Baba, nami nilikuwa narudi Rongo maana shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake. Redio ya Baba ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikaibeba mpaka Oyugis nitafute fundi. Nikaelekezwa nyuma ya soko kwa mzee mmoja mstaafu, mwenye meza chini ya mwavuli na jiko la makaa la kupashia chuma cha kulehemu. Ni yeye. Nywele zimekuwa nyeupe, koti jeupe halipo, lakini vifungo vya shati vilikuwa vimefungwa vyote. Hakunitambua. Akachukua redio, akaifungua, akaanza kuipekua kwa vidole vilivyonishangaza kwa wepesi wake.

Kando yake alikuwa ameketi mama muuza nyanya, akaikodolea redio macho na kusema, "Japuonj, mimi hii kitu hunishinda. Inajuaje kushika stesheni moja na kuacha zingine?"

Nilingoja asikie kwamba wanaoelewa wameelewa. Lakini yeye aliweka chuma chini, akamgeukia kabisa.

"Sasa hivi hapa tumekaa, stesheni zote ziko hewani, zote zinapiga kelele pamoja. Kama hii soko. Unasikia nini?"

"Kelele tu."

"Na mtoto wako akilia pale kwa wauza dagaa?"

"Hapo nitasikia."

"Kwa nini?"

Mama akacheka. "Si ni wangu? Sikio limemzoea."

"Basi. Hii sahani ndogo nikiizungusha, nazoesha sikio la redio sauti moja. Zile zingine zipo, lakini haizijali."

Mama akauliza, na mbona usiku zinaingiliana. Akamweleza. Akauliza tena, akamweleza tena kwa njia nyingine, akachora kwa makaa juu ya katoni, akamshikisha ile sahani aizungushe mwenyewe. Baada ya dakika kumi mama muuza nyanya alikuwa anajua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelikariri bila kulielewa, nami nikalielewa pale, nikiwa nimesimama na mkoba kwapani. Alikuwa anajua kufundisha. Miaka yote ile alikuwa anajua. Kama angekuwa mjinga ningeweza kumsamehe.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi ulinitoa. Form Four, thelathini na nane."

Akaniangalia juu ya miwani. Hakuaibika, alifurahi, kama wazee wanavyofurahi wakikumbukwa. "Karibu, nyar Kosele," akasema, binti wa Kosele, maana kwetu alikukumbuka ila jina langu hakulikumbuka. "Ulipata ngapi?"

"Sikupata kitu. Uliipiga mstari fomu yangu."

"Ah. Basi haikuumiza mtu."

Nikamwambia iliniumiza mimi. Nikamwambia habari za Odhiambo na miwa. Nikamwambia kwamba huyu mama amemfundisha vizuri zaidi kwa dakika kumi kuliko alivyotufundisha sisi kwa miaka yote ile, na nikamwuliza kwa nini. Maneno hayo nilikuwa nimeyatunza miaka mingi, nikayasema yote, na mama wa nyanya akajifanya kupanga nyanya zake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho huku akilehemu waya mmoja.

"Huyu mama hana mtihani," akasema. "Yeye hata asipoelewa, hawezi kunishusha."

Alilisema kama jambo la kawaida kabisa. Akapuliza pale alipolehemu, akafunga skrubu mbili, kisha akauliza, kwa adabu tu, "Siku hizi unafanya kazi gani?"

"Ni mwalimu. Rongo. Mwalimu wa darasa la nane."

Macho yake yakaamka. "Mean yenu, huo wastani, ni ngapi?"

Nikaitaja. Niliitaja upesi, pamoja na nukta yake, na nikaongeza kwamba ndiyo ya kwanza katika tarafa. Nilisikia sauti yangu ikipanda.

"Hiyo ni nzuri sana," akasema. "Mnachuja?"

Mkoba ulikuwa kwapani mwangu. Ndani yake, katikati ya daftari la mahudhurio, mlikuwa na karatasi ya majina kumi na moja, watoto ambao kesho asubuhi wangeambiwa warudie darasa la saba wasije wakatuharibia matokeo. Mwandiko ulikuwa wangu. Mmoja wao alikuwa amekosa alama tatu tu.

"Kidogo tu," nikasema.

Akawasha redio. Ikashika, sauti safi, mtu anasoma habari. Akaniwekea mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanicheka usoni, bila ubaya, kama mwenzake.

"Basi usitembee ukisema sikukufundisha."